Unga Kwenye Majani ya Nyanya

Ukimwuliza mtu mzima yeyote wa Ifakara habari za Balbina wa bustani za Lumemo, atakuambia kwanza kwamba alikuwa na mdomo. Ni kweli, alikuwa nao. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na mama alipofariki nikahamia kwake. Nilisemwa kwa mdomo ule kila siku ya Mungu mpaka nikaolewa, na kwa kuwa niliolewa jirani naye, nikaendelea kusemwa. Jambo ambalo watu hawalitaji ni kwamba yule mwanamke akikupenda, alikupenda mpaka macho yakaingia giza. Na aliyempenda hivyo alikuwa mtu mmoja tu, mdogo wake wa mwisho, mjomba wangu Fulgensi.

Mama yao alifariki huko milimani Mahenge, kitovu cha Fulgensi kikiwa bado hakijadondoka. Balbina alikuwa msichana tu. Alimfunga yule mtoto mgongoni, akamnywesha uji mwembamba na maziwa ya mbuzi, akashuka naye bondeni kwa ndugu za baba. Njiani watu walimpa hongera ya uzazi, naye akaipokea bila kuwasahihisha. Baadaye aliolewa, akaachwa, maana mume alichoka kuona minofu ya samaki ikiwekwa pembeni kwa ajili ya shemeji. Hakujaliwa kuzaa. Ungemwuliza ana nini duniani, angekuonyesha Fulgensi kabla ya nyumba na kabla ya bustani, na kama hukumsifu ulikuwa umejitafutia ugomvi.

Bustani zenyewe zilikuwa hivi. Mpunga ukishavunwa na maji ya bondeni yakirudi mtoni, wanawake wa kwetu hupanda nyanya kandokando ya Lumemo. Udongo bado una unyevu, unamwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni, na soko lipo karibu. Zinazobaki zinapanda treni kwenda Mlimba. Kila mmoja ana matuta yake, lakini njia ni ya wote, kisima ni cha wote, na umbea ni wa wote. Jirani za mama mkubwa walikuwa Merina, Mpogoro mwenzetu wa kanisa moja, na Mwanabaraka, mke wa fundi cherehani wa sokoni.

Mwaka wa tisini na nne tukaingiliwa na ukungu. Jani linaanza na doa la kahawia, doa linapata duara, duara linapata jingine nje yake, kisha jani zima linakauka na kusokotana kama tumbaku. Nyanya zinabaki uchi juani, zinaiva kwa kulazimishwa. Bwana shamba wetu, Beatus, kijana mpole aliyevaa soksi hata kwenye tope, alituambia dawa ya ukungu inauzwa dukani kwa Makoye. Akasisitiza ipigwe kwa bomba, na kwa kipimo cha kwenye pakiti, isizidi wala isipungue. Tukachanga, tukanunua bomba moja la kubeba mgongoni. Likijaa maji lile bomba ni mzigo wa punda, kwa hiyo ikatakiwa mtu wa kulibeba.

"Tutafute kibarua asiye ndugu wa mtu," alisema Mwanabaraka. "Akiharibu, tunamgombeza wote kwa sauti moja."

Mama mkubwa akavimba. "Kibarua wa nini na Fulgensi yupo? Huyu namjua kuliko ninavyoijua mikono yangu. Akiharibu, njooni mnigombeze mimi."

Nani angebishana naye? Ukawa ndio utaratibu. Kila mwanamke ananunua pakiti yake kwa Makoye, siku ya kupiga anamkabidhi Fulgensi, naye anachanganya na kupita tuta kwa tuta hadi mwisho wa bustani zote. Sisi tunamlipa kwa nyanya na kwa chakula. Msimu wa kwanza, nisimdhulumu, alifanya kazi. Ukungu ulikauka, majani yakabaki na utando mweupe wa dawa, na nyanya za Lumemo zikasifiwa mpaka kituo cha treni.

Msimu wa pili Fulgensi akanunua baiskeli mpya. Mama mkubwa alitandika kanga yake njiani ili baiskeli ipite juu yake, akapiga vigelegele peke yake pale uani kama mwehu. Hakuna aliyejiuliza kijana anayelipwa nyanya amepata wapi baiskeli. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yetu yalikuwa kwenye rangi ya baiskeli. Na ukungu msimu ule haukutoka sawasawa. Unapungua, unarudi. Fulgensi akasema ugonjwa umekuwa mkali, tuongeze kupiga, kwa hiyo badala ya kila baada ya wiki mbili tukawa tunapiga kila wiki. Tukanunua pakiti mara mbili zaidi, tukamkabidhi zote.

Mwaka wa tatu, nyanya zikiwa zinaanza kutoa maua, alifariki baba mkwe wake Merina. Msibani akaja mtani wetu Stanislaus. Huyu alikuwa Mngoni, fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya chumba alichopanga Fulgensi. Watani msibani mnawajua. Alijifunga dumu tupu mgongoni kwa kamba, akachota bakuli la unga wa muhogo kwa wapishi, akaanza kupita katikati ya waombolezaji akiwarushia unga vichwani.

"Dawa hiyo, dawa!" anapiga kelele. "Nyanya zenu zinashiba ugali kuliko nyie! Mwulizeni Fulgensi, ndiye mpishi wao!"

Watu walicheka, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Fulgensi mwenyewe alicheka. Mama mkubwa ndiye aliyecheka kuliko wote. Alishika mbavu, akapangusa unga kichwani, akasema Mngoni huyu ana kichaa apelekwe hospitali.

Kwetu mtani hakasirikiwi, na maneno yake ya msibani hayabebwi kwenda nayo nyumbani. Ndivyo tulivyolelewa. Lisemwalo lipo, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakusema chochote juu ya mtani mwenye bakuli la unga. Yule mtu alikuwa ameona kitu na alitumia mlango pekee aliokuwa nao, kwa sababu hakuna aliyeweza kwenda kwa Balbina mchana kweupe kumwambia mdogo wako ni mwizi, akarudi na meno yake. Tukacheka, tukanawa mikono, tukala wali wa msiba.

Siku zilipita kidogo. Mchana mmoja mama mkubwa alishuka bustanini kuangalia maua, mimi nikiwa kwenye tuta la pili na mtoto wangu mgongoni. Fulgensi alikuwa amepiga dawa jana yake. Nikamsikia mama mkubwa ananiita kwa sauti ya chini, na yeye hakuwa mtu wa sauti ya chini.

"Nelly. Njoo uone hawa."

Walikuwa sisimizi. Walikuwa wamejipanga kwenye mashina ya nyanya, wanapanda mikono mitupu na kushuka kila mmoja na chembe nyeupe mdomoni. Dawa ile ina harufu ya kukata pua, mdudu haisogelei. Mama mkubwa alipitisha kidole juu ya jani, akanusa, akatia kidole ulimini.

"Makopa," alisema. Unga wa muhogo.

Nikaonja na mimi. Ulikuwa ule uchachu wa muhogo uliovundikwa, ambao kila nyumba ya bondeni inaujua. Mama mkubwa aliketi kwenye tope na kanga yake safi. Akasema jina moja tu, "Stanislaus," nikajua anakumbuka jinsi alivyocheka.

Jioni Fulgensi alikuja kula kama kawaida. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Keti. Unga wa muhogo unafanya nini kwenye nyanya za watu?"

Alikohoa. Akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi, akaona hapana pa kupita. "Dada, nusu nilikuwa natia. Naapa mbele ya Mungu, nusu ya kila pakiti nilitia. Unga ni wa kuleta weupe tu, watu wasiulize."

"Na nusu nyingine?"

"Napigia watu wa Namawala. Kule hawana duka, dada. Wanateseka." Alilisema hilo kama padri anayesimulia kazi za huruma.

Nilitegemea apigwe mwiko. Mama mkubwa hakunyanyua mkono. Aliuliza polepole, "Na matuta yangu? Yangu pia ulitia nusu?"

Fulgensi akainama. "Yako yangepona peke yake, wangeshtuka."

Mpaka leo nikikumbuka jibu lile nasikia joto usoni. Hakuwa amemsahau dada yake hata kidogo. Alimfikiria, akapiga hesabu, akaona nyanya zake ndizo za kumfunikia. Mama mkubwa alimwekea chakula hata hivyo. Yule bwana akala, akamaliza, akaomba maji.

Kesho yake mama mkubwa alilibeba bomba mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. Tulitia dawa halisi, kipimo kamili, tukapiga matuta yake yote. Tulisubiri. Ukungu haukushtuka, madoa yaliendelea kufungua duara zake kama tumenyunyizia maji ya kisima. Tukapiga tena. Halafu tukamwita Beatus, na mama mkubwa akamweleza yote, akimwomba asiseme kwa mtu kwanza.

Beatus alivunja jani, akaligeuzageuza. "Mama, bora angetia maji matupu," alisema.

"Nusu ni mbaya kuliko maji?"

"Ukungu si kitu kimoja, mama. Ndani yake kuna dhaifu na kuna sugu. Ukitia dawa kamili unaua karibu wote. Ukitia nusu, tena kila wiki, unaua dhaifu na kumwachia shamba aliye sugu, naye anazaa sugu wenzake. Sasa mmebaki na huyo. Dawa hii ameshaizoea, na kwa Makoye hakuna ya aina nyingine."

"Nifanye nini?"

"Ng'oeni, mchome. Msipande nyanya hapa misimu kadhaa. Na jani lolote lisitoke hapa kwenda bustani nyingine, hata kwenye nguo, hata kwenye bomba."

Wakati huo wote bustani zilikuwa zinakufa, na watu wakikosa jibu hujitafutia. Jibu walilolipata lilikuwa Makoye. Alikuwa Msukuma, amekuja na ng'ombe wa kaka yake, kisha akafungua duka la pembejeo, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinavuta usukumani. "Anatuuzia chokaa," Merina akasema kisimani. Neno lile halikuhitaji miguu. Dukani kwake hakukuingia mtu, watoto wakawa wanamwimbia, na asubuhi moja alikuta mlango umepakwa kinyesi cha ng'ombe.

Mama mkubwa alimwita Fulgensi. "Jumapili baada ya misa wanawake wote watakuwa bustanini. Utasimama useme mwenyewe. Nitasimama pembeni yako, na kama ni kulipa, tutalipa wote wawili."

Kaka yao Anselim alikuja kutoka Mlimba kumsihi aache. Ndoa ya Fulgensi na Gladness ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara ya pili, na mambo ya ndani hayaanikwi uani, akasema. "Na Msukuma wa watu?" mama mkubwa akauliza. Anselim akajibu kwamba Wasukuma wana ng'ombe, hawakosi pa kwenda. Huyo ni mtu anayepokea komunyo kila Jumapili. Fulgensi yeye alikubali haraka. Alipiga magoti, akashika mikono ya dada yake, akasema, "Jumapili nitasema, dada. Siwezi kukuangusha tena." Mama mkubwa alilala usingizi siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu sisimizi.

Jumapili wanawake walikaa kwenye kingo za matuta yaliyokauka. Makoye alikuja pia, amealikwa, amesimama mbali kidogo na baiskeli yake. Fulgensi hakuja. Tulingoja mpaka jua likaanza kuchoma shingo, kisha mama mkubwa akanituma chumbani kwa Fulgensi. Nilikuta mlango wazi na kitanda kitupu. Stanislaus, akiwa ameinamia tairi, aliniambia bila utani hata chembe kwamba jamaa amevuka mto na pantoni ya asubuhi, na bomba mgongoni.

Nilirudi nikamnong'oneza. Mama mkubwa alisimama peke yake, akasema yote, nusu pakiti, unga, Namawala, na mwisho akamgeukia Makoye akasema mbele ya watu, "Kaka, wewe huna kosa. Kosa limetoka nyumbani kwangu."

Halafu Merina akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili! Nasi tunanunua dawa, tunamtukana mtu wa watu, wewe unajua?"

Mwanabaraka alikumbusha yale ya kibarua asiye ndugu wa mtu, na alikuwa na haki. Mmoja mmoja wakaokota ndoo zao wakaondoka. Makoye naye akapanda baiskeli yake. "Mngeniuliza tu," alisema, akaenda zake.

Kuanzia siku hiyo walimsalimia mama mkubwa kwa adabu na kumkwepa kwa adabu. Bustani tulizichoma. Mwaka uliofuata tukapanda matembele na bamia, chakula cha kutosha kula, na nyanya za sokoni zikawa zinatoka mbali. Gladness alirudishiwa vyombo vyake. Hakuna barua, hakuna salamu. Watu waliotoka ng'ambo wakaanza kusema kwamba huko Lupiro kuna mtaalamu wa nyanya, ana bomba lake, anapigia watu, wanamwita Daktari.

"Ametoka hapa na ukungu wetu ndani ya bomba," mama mkubwa alisema. "Anawapelekea watu wa Lupiro wasio na habari. Lazima niende."

Nilijua ni kweli, na nilijua pia si hilo tu. Alimkosa. Alitwanga pepeta ya mpunga mchanga, ile aipendayo Fulgensi, akaifunga kwenye kitambaa, akasema ni ya kula njiani. Mimi ningemchukulia rungu. Tulivuka na pantoni, tukadandia lori la mpunga, tukashuka Lupiro tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tulielekezwa bustani moja pembeni ya kijito. Nyanya zilikuwa zinatoa maua, nzuri, na kwenye majani ya chini nikaona madoa ya kahawia yenye duara.

Fulgensi alikuwa ameinama anachanganya dawa kwenye ndoo. Bomba lilikuwa letu. Alama ya rangi nyekundu aliyoipaka Merina bado ilikuwepo. Mwenye bustani, mwanamke wa umri wangu, alikuwa amesimama karibu naye. Alitusalimia, akatukaribisha. Fulgensi akainua kichwa. Nilimwona alivyobadilika, kisha nikamwona anavyojikusanya.

"Shikamoo, mama," alisema.

Tangu aanze kutamka maneno alimwita dada. Nilimwangalia mama mkubwa. "Marahaba," aliitikia.

Akamgeukia yule mwanamke, akamwambia yaliyomleta: kwamba ukungu huo umetoka kwetu, dawa hiyo umeshaizoea, ang'oe miche iliyougua aichome leo kabla haujafika kwa jirani. Alisema taratibu na kwa upole, kama bwana shamba. Mwanamke akachanganyikiwa, akamtazama Fulgensi. "Huyu mama anasema nini? Mnafahamiana?"

"Hapana," alisema Fulgensi, macho kwenye ndoo. "Simfahamu. Labda amenifananisha."

Nilifungua kinywa. Mama mkubwa alinishika mkono akanibana mpaka nikanyamaza. Yule mwanamke alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, paji moja, masikio yale yale. "Lakini mbona mmefanana hivyo?"

"Ni kweli, mwanangu, nimemfananisha," mama mkubwa alisema. "Nilikuwa na mdogo wangu. Alifanana sana na huyu."

"Jamani, pole mama. Alifariki lini?"

"Mwaka jana," alisema. "Kiangazi kama hiki."

Yule mwanamke akatuletea maji ya kunywa. Tulipomaliza na kuaga, Fulgensi alikuwa ameshavaa bomba mgongoni, anapiga tuta la pili.